"Get" sio "pata" tu, kuna mengi humo ndani

Hebu soma hii sentensi taratibu: "I got up late, got dressed, got on the train, got to work and got told to get some rest." Get imetokea mara sita. Sasa iseme kwa Kiswahili cha kawaida, niliamka nimechelewa, nikavaa, nikapanda treni, nikafika kazini, nikaambiwa nikapumzike. Pata haijaonekana hata mara moja! Na ukichukua ile tafsiri ambayo wengi tulikaririshwa, kwamba get maana yake ni pata basi, ukaipachika humo ndani, unaishia na maneno ambayo hakuna mtu atayaelewa, nilipata juu, nilipata kwenye treni, nilipata kazini, yaani unabaki unashangaa hao Waingereza wanapata nini kila saa.

Mi naipenda sana hii get na nataka niiongelee kwa kirefu, kwa sababu naona watu wanaojifunza Kiingereza wanahangaika nayo bure. Wanasoma vitabu vya grama, wanakariri maneno magumu, halafu wakiangalia filamu au wakipokea meseji ya watu wawili wanaopiga stori tu wanapotea, na ukichunguza kilichowapoteza unakuta sio yale maneno magumu, ni haya madogo madogo. Ndivyo Kiingereza kilivyo, neno likiwa fupi na la zamani ndio limebebeshwa kazi nyingi. Ile kamusi kubwa ya Oxford ilipotoka toleo la pili mwaka 1989, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set", herufi tatu tu, na lilikuwa na maana zaidi ya 400. Get nayo ni wa ukoo huohuo, herufi tatu, na kazi zake huzimalizi.

Ila sikubaliani na wanaosema get haina kanuni, eti ukariri tu. Kanuni ipo. Ukiitazama vizuri get karibu kila inapotokea inasema jambo moja, kwamba mtu au kitu kilikuwa upande huu na sasa kimeingia upande ule. Hukuwa nacho sasa unacho. Hukuwa umechoka sasa umechoka. Hukuwa kazini sasa upo kazini. Hukuwa umeelewa sasa umeelewa. Kile kitendo cha kuvuka ndio get yenyewe, na neno linalofuata mbele yake ndilo linakwambia umevuka kuingia wapi. Kwa hiyo ukikutana nayo usiitafsiri kwanza, angalia mbele yake kuna nini.

Mbele yake kukiwa na kitu, jina la kitu, hapo ndio pata yetu inafanya kazi. "I got a job" nimepata kazi, "she got a letter" kapata barua, "we got permission" tumepata ruhusa. Pia inaweza kuwa kwenda kuchukua, mtu akikwambia "get me that chair" anataka umletee kile kiti. Na mlango ukigongwa mtu akasema "I'll get it", ana maana nitafungua mimi, simu ikiita akasema hivyohivyo ana maana nitapokea mimi. Hapa hakuna shida kubwa, tusonge.

Shida inaanza mbele yake kukiwa na hali. Tired, angry, lost, old, rich, wet, drunk, fat, sick, better, used to. Hapa ndio napata raha sana, kwa sababu Kiswahili kazi hii kinaifanya ndani ya kitenzi chenyewe na hatuhitaji neno la pembeni. Get tired ni kuchoka. Get angry ni kukasirika. Get lost kupotea, get old kuzeeka, get rich kutajirika, get wet kulowa, get drunk kulewa, get fat kunenepa, get sick kuugua, get better kupona, get used to something ni kukizoea. Unaona? Mwingereza ana neno la hali, limekaa tu halitembei, sasa akitaka kusema mtu anaingia kwenye ile hali anaweka get kabla yake kama injini ya kulisukuma. Sisi injini yetu imo humohumo kwenye neno. Ndio maana mtu anayefikiri kwa Kiswahili anaisahau get, sio kwamba hajasoma, ni kwamba kichwani kwake ile nafasi haipo kabisa.

Na kuna jambo lingine hapo ambalo linawachanganya watu kuliko yote, ile -me- yetu. Ukisema nimechoka kwa Kiswahili umesema mambo mawili kwa mpigo, kwamba kuchoka kumetokea na kwamba sasa hivi hali yako ndio hiyo. Kiingereza kinayatenganisha. Hali uliyonayo sasa wanasema "I am tired". Kule kuingia kwenye uchovu, kama unasimulia, "I got tired". Uchovu ukiwa ndio unakuja, bado haujafika kamili, "I'm getting tired", sisi tungesema naanza kuchoka. Sasa mtu anachukua nimechoka anaona -me- anakumbuka somo la darasani kwamba -me- ni "have", anaandika "I have tired", na hapo Mwingereza anakwama maana kwake tired sio kitendo ulichokimaliza, ni hali uliyomo. Kwa hiyo jiulize, nataka kusema nipo kwenye hali au nataka kusema niliingia kwenye hali? Ukiwa upo, ni am, is, are. Ukiwa uliingia, got. Ukiwa unaingia, getting.

Chukua ndoa. Ameolewa, "she is married". Aliolewa mwaka jana, "she got married last year". Ukimuuliza mtu ana muda gani kwenye ndoa huwezi kutumia get, utasema "how long have you been married", kwa sababu kuvuka kulikuwa siku moja tu, kukaa ndio kumeendelea miaka yote. Mi nadhani mtu akishika huu mfano mmoja wa ndoa vizuri, nusu ya matatizo yake na get yameisha, kabisa.

Kuna mpaka mmoja lakini. Get inakaa na neno la hali, sio na cheo wala kazi ya mtu. Kijana akisoma mpaka akawa daktari huwezi kusema "he got a doctor", hiyo maana yake alipata daktari, pengine alikuwa anaumwa akaenda kumtafuta. Hapo lazima "he became a doctor". Kwa hiyo "it got cold" ni sawa, baridi imeingia, ila "he got a teacher" ni jambo lingine kabisa, kapata mwalimu wa kumfundisha.

Mahali nako ni hivyohivyo, ni kuvuka tu. "We got to the station at six", tulifika stesheni. "How do I get there?" nafikaje huko. Angalia kwamba home, here na there hazitaki "to", ni "get home" moja kwa moja, "get to home" wao hawasemi. Halafu ile ya kupanda vyombo vya usafiri, mbona gari dogo ni "get in" na basi ni "get on"? Maelezo yanayosaidia watu wengi ni haya, chombo ambacho ukiwa ndani unaweza kusimama na kutembea, basi, treni, ndege, meli, hicho ni get on, na kushuka get off. Chombo ambacho unaingia umeinama unakaa palepale, gari dogo, teksi, hicho get in na kutoka get out. Baiskeli na farasi unakaa juu yake kwa hiyo ni on pia. Ukikosea utaeleweka, hakuna atakayekununia, ila masikio yao yatashtuka.

Sasa tuje kwenye ile ya kutendwa, hii ni tamu. Kiswahili tuna -wa, fukuza fukuzwa, lipa lipwa, kamata kamatwa. Kiingereza wana njia mbili, "he was fired" na "he got fired", zote alifukuzwa kazi. Tofauti iko wapi? Ya kwanza imetulia, ni ya gazetini, ya ripoti, ya barua ya ofisi. Ya pili ni ya mdomoni, na inabeba hisia, kwamba jambo limemkuta mtu, zuri au baya, limemgusa. Watu wanasema "she got promoted", kapandishwa cheo, kwa furaha, wanasema "they got robbed", wameibiwa, kwa masikitiko. Mara nyingine inanong'ona kwamba mwenyewe alichangia, na wakitaka kulisema hilo waziwazi wanaongeza neno, "he got himself arrested", yaani kajitakia mwenyewe mpaka kakamatwa. Ila kwa mambo yasiyo na tukio, mambo ya kudumu tu, haikai vizuri, mtu anayependwa na wote ni "she is loved by everyone", hapo got haina kazi maana hakuna kilichovukwa.

Na ukitaka kuuliza au kukanusha, kumbuka get hapa ni kitenzi kamili, inahitaji did. "Did he get paid?" amelipwa? "He didn't get paid" hakulipwa. Watu wanaizoea was, was he, wasn't he, halafu wanataka kuibeba got kwa staili hiyohiyo, haibebeki.

Upande wa kufanyiwa kazi na mtu mwingine ndio nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa Kiswahili na Kiingereza vinaona dunia tofauti. Sisi mtu akisema nimetengeneza simu, hakuna anayeuliza kama aliifungua mwenyewe kwa bisibisi, wote tunajua kaipeleka kwa fundi. Mtu anasema ninajenga nyumba, na hajashika hata tofali, ana maana analipia na kusimamia. Nimeshona nguo, kashonewa. Kwetu mwenye jambo ndio mtendaji, fundi ni mkono wake tu, na mi naona ni sawa kabisa kwenye lugha yetu. Kiingereza hakikubali hilo kirahisi. Ukisema "I repaired my phone" utaambiwa hongera, kumbe unajua kutengeneza simu! Kama ni fundi alifanya lazima useme "I got my phone repaired". Mpangilio ni get, halafu kitu, halafu kitendo kwa umbo la kutendwa. "I got my hair cut", nimenyoa, yaani nimenyolewa. "We need to get the roof fixed", tutafute mtu atutengenezee paa. Ule mpangilio usiuguse, kitu kikae katikati.

Na kama unataka kumtaja huyo mtu mwenyewe, ni get, mtu, halafu "to" na kitendo. "I got him to apologise", nilimfanya aombe radhi. Hapa Kiswahili tuna -sha na -za zetu, cheka chekesha, lala laza, ila get ina ladha yake ya pekee, inasema kulikuwa na juhudi, ulimbembeleza, ulimshawishi, ulimzungusha mpaka akakubali. Make ni kulazimisha, "I made him apologise", na angalia make haitaki to. Let ni kuruhusu. Get ni ile kazi ya katikati, ya maneno na subira, mama anayembembeleza mtoto mpaka akameza dawa, "she finally got him to take the medicine". Neno finally linapenda sana kukaa hapo, na ukifikiria utaona kwa nini.

Halafu kuna get ya kuelewa. "I get it." "You don't get me." "Got it?" Hii kwetu ipo kabisa na wala hatukuikopa kwa makusudi, tunasema sijakupata hapo, rudia, au nimekupata vizuri, na kwenye redio za mawasiliano unasikia unanipata? nakupata. Kuelewa ni kushika. Kichwa kinakuwa mkono.

Na hili la kushika lina historia nzuri ambayo naomba niiseme japo kidogo. Get haikuanza kama neno huru la Waingereza. Waingereza wa kale walikuwa na kipande "-gietan" ambacho kilikaa kwenye maneno mengine tu, kama "forgietan" iliyokuja kuwa forget, na "ongietan" ambayo maana yake ilikuwa kutambua, kuelewa. Neno lenyewe likisimama peke yake lililetwa na watu wa Skandinavia, huko kaskazini mwa Ulaya, wale mabaharia wavamizi wanaoitwa Vikings, ambao mashambulizi yao yanayojulikana sana yalianzia kwenye kisiwa cha Lindisfarne mwaka 793, na baadaye wakahamia kabisa wakalima na kuoa kaskazini na mashariki ya Uingereza. Lugha yao ilikuwa na "geta". Kutoka kwao Kiingereza kilichukua vilevile take, na sky, na egg, na window, hata they na them, yaani lugha ilikopa mpaka neno la kusema "wao", kitu ambacho lugha huwa hazifanyi ovyo. Maneno ya watu wanaoishi jirani na kuoana, sio ya wasomi.

Ukirudi nyuma zaidi, wataalamu wa historia ya lugha wanaiunganisha geta na mzizi wa zamani sana wenye maana ya kushika, kukamata, na mzizi huohuo ndio uliozaa "prehendere" ya Kilatini, ambayo nayo imezaa comprehend. Kwa hiyo yule anayesema "I comprehend" kwenye mtihani na yule anayesema "I get it" barabarani, wote wawili wanatumia mzizi mmoja, mmoja umepitia Roma mwingine umepitia kwa Vikings, na wote wanasema nimeshika. Na forget ndani yake kuna kupoteza mshiko, kitu kimekuponyoka. Mi nikiliona hilo naona kabisa hakuna haja ya kumdharau anayesema I get it eti Kiingereza chake cha chini.

Magonjwa nayo yanafurahisha. Mwingereza anasema "I got the flu", yeye ndio kaupata ugonjwa, kana kwamba aliufuata. Sisi tunaweza kusema hivyo, nimepata mafua, lakini tuna na ile nyingine ambayo ugonjwa ndio unamkuta mtu, nimepatwa na mafua, mafua yamenishika. Na mtu akibadilika tabia ghafla tunauliza kimempata nini huyu? Wao wanasema "what's got into him?" kimemuingia nini. Hapo tumekutana, jambo ndio lina nguvu, mtu ndio kapatwa. Hata kitisho ni kilekile, nitakupata tu, "I'll get you". Na ile "get lost" ukiambiwa kwa hasira sio kupotea njia, ni potelea mbali.

Tuje kwenye "have got", hii wengi wanaikosea kwa sababu inaonekana kama wakati uliopita na sio. "I've got two brothers" sio nimepata kaka wawili, ni nina kaka wawili. Kwa maana yake ni sawasawa na "I have two brothers", got pale imekaa tu. "Have you got a pen?" una kalamu? Ukienda wakati uliopita inarudi kuwa had, "I had a pen". Na "I've got to go" ni lazima niende, ile inayoandikwa kwenye meseji "gotta go". Usiandike gotta kwenye barua ya kuomba kazi lakini.

Wamarekani wanaongeza kitu kizuri hapo, "gotten". Wao kitu unacho ni got, kitu umekipata ni gotten. "I've got a job" nina kazi. "I've gotten a job" nimepata kazi, juzijuzi. Uingereza wanatumia got kwa zote mbili na wapo wanaoiona gotten kama uharibifu wa Wamarekani, ila historia haiwaungi mkono, kwa sababu gotten ilikuwa Uingereza kwanza, wahamiaji ndio walivuka nayo bahari. Fungua Biblia ya King James ya mwaka 1611, Mwanzo sura ya nne, Hawa anamzaa Kaini anasema "I have gotten a man from the LORD". Na kwenye Biblia yetu ya Kiswahili mstari huohuo ni nimepata, nimepata mtoto mwanamume. Isitoshe hao Waingereza wenyewe forgotten mpaka leo wanaisema, hakuna anayesema "I have forgot" kwenye Kiingereza cha kawaida, kwa hiyo -gotten wanayo, wameificha humo.

Faida ya gotten unaiona hapa. Kwa Mmarekani "I've got to go" ni lazima niende, "I've gotten to go" ni nimepata nafasi ya kwenda. Herufi chache, na moja ni mzigo nyingine ni bahati. Na hii ya pili, get to, kwa Kiswahili ipo tayari na ni ya zamani, pata ku-. "I got to meet him" nilipata kukutana naye. "We never got to see it" hatukupata kukiona. Hata ile ya wazee, sijapata kuona jambo kama hili, ni ya ukoo huohuo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "I get to work with children" hajalalamika, anakwambia amebahatika, kapata nafasi ya kufanya kazi na watoto. Tahadhari moja, "get to work" peke yake inaweza kuwa kufika kazini au kuanza kazi, hapo itabidi usikilize sentensi nzima.

Niseme na hili la ofisini maana watu wanauliza. Ni kweli get inakwepwa kwenye maandishi rasmi. Barua nzuri inasema "I have received your letter" sio "I got your letter". Ripoti inasema "the results improved" sio "the results got better". Sababu kubwa ni ya kihistoria, baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya mahakama na ya wakubwa ikawa ya Kifaransa kwa muda mrefu, na maneno kama receive, obtain, arrive yakaingia kwa mlango huo, yakiwa yamevaa suti tangu siku ya kwanza. Get ilibaki shambani na jikoni. Kwa hiyo kwenye karatasi fuata utaratibu, badilisha. Ila kwenye mazungumzo usiikimbie. Kuna watu wamefundishwa kwamba get ni mbaya, basi wanaongea "I obtained a headache", "I arrived home and became dressed", na hiyo sio heshima, inasikika tu kama mtu anasoma hotuba mbele ya rafiki yake.

Kuna na zile za get na neno dogo mbele yake, hizo ni nyingi mno na siwezi kuzimaliza, nitataja zinazonigusa tu. "Get over" ni kupona jambo, msiba, kuachwa, hasira, "she never got over it" halikumtoka moyoni. "Get along" ni kuelewana, na wasioelewana, they don't get along, sisi tunasema hawaivi chungu kimoja, nzuri kuliko yao. "Get by" ni kusukuma siku, hali sio nzuri ila zinakwenda. "Get away with" sisi hatuna neno moja la kuisema, ni kufanya kosa na usipate adhabu, mtu kaiba kaachwa hivihivi, "he got away with it", na mara nyingi anayeisema ana uchungu. "What are you getting at?" unataka kufikia wapi na hayo maneno yako, hii inaweza kuwa ya ukali, sikiliza sauti.

Ya mwisho ni "I'll get back to you", na hii naitaja kwa sababu inawaumiza watu wanaotafuta kazi. Ukiitafsiri neno kwa neno unaona nitarudi kwako, ahadi kabisa, unakaa unasubiri simu. Maana yake ni nitakujulisha, na mara nyingine kweli wanajulisha, ila mara nyingi ni njia ya kistaarabu ya kufunga mazungumzo bila kusema ndio wala hapana. Haina siku ndani yake. Kwa hiyo ukiandikiwa hivyo we jibu kwa adabu tu, "Thank you. When should I expect to hear from you?" halafu akikutajia siku, iandike. Asipoitaja, endelea kutuma maombi kwingine.